Nywila ya 1111 kwenye pampu ya maji

Nywila ya simu yako ni gani? Usiniambie. Ila kama ni 1111, jua kuna pampu za maji Marekani zilizokuwa zikilindwa hivyo hivyo.

Novemba 2023, wadukuzi wanaojiita CyberAv3ngers, ambao Marekani inasema wanahusiana na jeshi la Walinzi wa Mapinduzi la Iran, waliingia kwenye kifaa cha kuendesha pampu katika mji mdogo wa Aliquippa, Pennsylvania. Kilitengenezwa na Unitronics ya Israeli, na ndiyo sababu waliyoiandika kwenye skrini. Maafisa wa serikali walisema vifaa vya aina hiyo viliachwa wazi kwenye intaneti, yamkini vikiwa bado na nywila ya kiwandani: 1111. Hapo hata huhitaji kuwa gwiji wa kompyuta.

Maji hayakuguswa. Kengele ililia, mafundi wakazima mtambo na kuendesha pampu kwa mikono. Mafunzo ni hayo: kujua la kufanya skrini ikigeuka.

Kinachouma ni kilichotangulia. Machi 2023, Shirika la Mazingira la Marekani (EPA) liliagiza majimbo yakague pia usalama wa mtandao yanapokagua mifumo ya maji. Missouri, Arkansas na Iowa zikaenda kortini, zikisema EPA imevuka mamlaka yake na kwamba miji midogo itabebeshwa gharama. Oktoba agizo likaondolewa. Mwezi uliofuata, Aliquippa ikavamiwa.

Hoja ya gharama si upuzi. Kuna miji ambayo fundi wa maji ni mmoja tu. Lakini kubadilisha nywila ni bure, jamani. Mei 2024, EPA ilisema zaidi ya asilimia 70 ya mifumo iliyokaguliwa tangu Septemba 2023 ilikuwa imekiuka masharti ya msingi. Kwingine nywila ilikuwa ile ya kiwandani, kwingine wafanyakazi wa zamani bado walikuwa na ruhusa ya kuingia.

Sasa rudi mtaani kwako. Bili ya maji unalipa kwa simu. Mathare kuna mashine za kuuza maji kwa kadi tangu 2015. Na eCitizen ilipovamiwa Julai 2023, uliona jinsi huduma zilivyokwama.

Sheria tunayo. Ile ya 2018 kuhusu uhalifu wa mtandao inataja maji waziwazi miongoni mwa huduma za kuokoa uhai ambazo mifumo yake inafaa kulindwa, na kanuni zake zikafuata 2024. Pengo ninaloliona mimi liko kwa ukaguzi. Wasreb, bodi inayosimamia kampuni za maji, huzipima kwa vigezo tisa: saa za huduma, ubora wa maji, maji yanayopotea na kadhalika. Usalama wa mtandao haumo.

Waongeze cha kumi. Swali la kwanza la mkaguzi linaweza kuwa jepesi tu: yule aliyeacha kazi mwaka jana, bado anaweza kuingia kwenye mtambo?