Herufi Zisizotamkwa

Maana ya neno adimu la Kiingereza hupatikana upesi kamusini. Ugumu uko kwenye matamshi. Msomaji wa riwaya za bahari hukutana na "boatswain", yaani serahangi, msimamizi wa mabaharia, kamba na nanga. Hutamkwa "bosan", na karibu nusu ya herufi zake hazina kazi. "Forecastle", sehemu ya mbele ya meli ambayo enzi za kati iliinuliwa kuwa ngome ya wapiganaji, imebaki "foksal". "Gunwale", ukingo wa juu wa ubavu wa chombo, ni "ganal".

Mabaharia angalau walifupisha tu. Wasomi walifanya baya zaidi. "Victuals", masurufu, liliingia kutoka Kifaransa cha kale bila herufi c, na hutamkwa "vitalz". Waliotukuza Kilatini wakaipachika c hiyo ili asili ya neno ionekane; vinywa vya watu havikuwafuata. Ndivyo ilivyopachikwa b ya "debt", deni. Shakespeare, katika tamthilia ya Love's Labour's Lost, alimcheka mwalimu aliyetaka b hiyo itamkwe, na alikuwa na haki ya kumcheka.

"Colonel" lina mkasa mrefu kuliko yote. Kwa Kiitalia "colonnello" alikuwa mkuu wa safu ya askari. Wafaransa wakageuza l ya kwanza kuwa r, Waingereza wakalichukua hivyo katika karne ya 16, kisha tahajia ikarudia l huku ulimi ukibaki kwenye r. Baadaye Uingereza ikaimeza hata r yenyewe, na leo husikika "kenel". Kiswahili kikafuata sikio, kikaandika kanali.

Kamusi zilichelewa kusaidia katika matamshi: ile ya Samuel Johnson ya 1755 ilionyesha mkazo tu. John Walker, aliyewahi kuwa mwigizaji, alitoa kamusi ya matamshi mwaka 1791, na ile ya Oxford ikatumia alfabeti ya kimataifa ya fonetiki katika toleo la pili, 1989.

Lakini alama za matamshi nazo si ushahidi kamili kwamba neno husemwa. Kamusi ya Webster ya 1934, Marekani, iliingiza "dord" kwa maana ya densiti. Karatasi ya mhariri ilisema D kubwa au d ndogo ni kifupisho cha densiti, na "D or d" ikasomwa kuwa neno moja. Kosa liligunduliwa 1939. Hadi hapo "dord" lilikuwa na maana na matamshi yaliyoandikwa rasmi, bila kuwa na msemaji hata mmoja.