Masomo ya Biashara: Chuo Gani, na kwa Fedha za Nani?



Siku hizi katika kambi na vituo vyetu si ajabu kumkuta koplo au inspekta amefungua kitabu cha hesabu za biashara usiku, watoto wakiwa wamekwisha lala. Ni jambo la kusifiwa. Jeshini umri wa kustaafu hufuata cheo, na wengi huvua sare wangali na nguvu, na watoto wao wangali shuleni. Mwenye elimu ya biashara hatarudi kijijini na kiinua mgongo asichojua pa kukiweka. Na abakiye kazini ataendesha ghala, malipo ya mishahara au chama cha akiba na mikopo kwa ustadi zaidi. Lakini kabla ya kujiandikisha, yapo maswali mawili ambayo hayana budi kujibiwa nyumbani, mume na mke wakiwa pamoja: Ni chuo gani kifaacho? Na mwajiri akitaka kulipa ada, je, tukubali?

Chuo

Hapa Uganda wengi hutazama kwanza Nakawa, mjini Kampala, kwenye Shule ya Biashara ya Chuo Kikuu cha Makerere, ijulikanayo kwa jina la MUBS. Ilizaliwa mwaka 1997, Kitivo cha Biashara cha Makerere kilipounganishwa na Chuo cha Taifa cha Biashara kilichokuwa hapo Nakawa. Ina matawi Arua, Jinja, Mbale na Mbarara. Wengine huchagua Taasisi ya Menejimenti ya Uganda, yaani UMI, iliyoanzishwa kwa ajili ya kuwafunza watumishi wa serikali. Nayo ina matawi Gulu, Mbale na Mbarara. Nje ya mipaka yetu ipo ESAMI, yenye makao yake makuu Arusha, taasisi ya ushirika wa nchi kadhaa za Mashariki na Kusini mwa Afrika, Uganda ikiwamo.

Usichague kwa ukubwa wa jina. Uliza kwanza kibali. Kwa sheria ya mwaka 2001, Baraza la Taifa la Elimu ya Juu hukagua vyuo na pia kila kozi itolewayo. Mwezi wa Mei 2023 watu wengi walishtuka orodha ya Baraza hilo ilipoonyesha kozi nyingi, hata za vyuo vyenye sifa, ambazo muda wa kibali chake ulikuwa umepita. Basi usitosheke kusikia kwamba chuo kinajulikana. Uliza habari za kozi yenyewe kabla ya kutoa hata shilingi moja.

Pili, tazama saa za masomo. Kwa karani wa mjini madarasa ya jioni ni neema, lakini kwa askari anayeshika zamu ya usiku hayana maana, na kwa aliye mpakani ni ndoto. Tangu mwaka 2007 askari wengi wamekuwa wakipelekwa Somalia. Amri ya safari haingoji mtihani. Kwa hiyo chuo chenye tawi karibu na kikosi, kinachofundisha mwisho wa juma na kumruhusu mwanafunzi kusimamisha masomo na kuyaendeleza baadaye, huenda kikakufaa kuliko kile chenye sifa kubwa zaidi.

Tatu, jumlisha gharama zote. Ada iliyochapishwa ni mwanzo tu. Ongeza nauli, chakula, vitabu, usajili, mitihani na gharama za kuandika na kupiga chapa tasnifu. Fanyeni hesabu hiyo kwenye karatasi, si kichwani.

Fedha za mwajiri

Fedha za mwajiri wa serikali ni mali ya umma, na ni haki umma udai malipo yake kwa utumishi. Ndiyo sababu anayelipiwa masomo hutakiwa kutia sahihi mkataba wa kutumikia miaka kadhaa baada ya kuhitimu. Anayetia sahihi huku akiwa amekwisha kata shauri la kutoroka anaiba kama yule aibaye mafuta ya gari la kikosi. Lakini anayetia sahihi bila kusoma anajiumiza mwenyewe, na wahenga walisema: kukopa harusi, kulipa matanga.

Yaulize haya, na majibu yawe kwa maandishi:

Miaka ya kutumikia huanza kuhesabiwa lini? Askari ambaye tayari amefungwa na mkataba wake wa jeshi kwa miaka sita, akiongezewa sharti la miaka mitatu itakayokwenda sambamba na hiyo sita, hajapoteza kitu. Lakini miaka hiyo mitatu ikianza baada ya ile sita kwisha, amejifunga kwa miaka tisa.

Ukiondoka kabla ya wakati, utadaiwa zote au sehemu? Chukua mfano. Ada ni shilingi milioni 12, na sharti ni miaka mitatu. Umetumikia mmoja ukaondoka. Kama deni hupungua mwaka hata mwaka, utalipa milioni 8. Kama halipungui, utalipa milioni 12, na pengine riba juu yake. Tofauti hiyo ya milioni 4 hukaa katika sentensi moja ya mkataba.

Mshahara, posho na nyumba ya kambini vitakuwaje wakati wa masomo? Posho ikikatwa, ni jiko la nyumbani litakalotangulia kuhisi.

Nani atakuwa mdhamini? Hili linawahusu kina mama hasa. Mara nyingi mke au ndugu huombwa atie sahihi kwa upendo tu, bila kuelezwa kwamba mdhamini ndiye atakayefuatwa mkopaji asipoonekana. Dada yangu, usitie sahihi karatasi ambayo hukusomewa neno kwa neno katika lugha uijuayo vema. Uliza pia deni litakuwaje akiugua, akifariki, akishindwa mtihani, au akihamishwa na mwajiri yuleyule katikati ya masomo.

Mwisho, baada ya kuhitimu kuna nini? Ahadi ya cheo iliyotolewa kwa mdomo huondoka pamoja na ofisa aliyeitoa.

Uamuzi

Kwa maoni yangu, aliye kijana, mwenye miaka mingi ya utumishi mbele yake na nia ya kweli ya kubaki, akubali msaada, mradi masharti yameandikwa na deni hupungua kadiri anavyotumikia. Aliyebakiza miaka michache kustaafu, au mwenye duka linalomngoja, asijifunge; cheti au stashahada fupi aliyoilipia polepole kwa akiba yake itamfaa kuliko shahada ya uzamili yenye mnyororo. Aliye katikati ya hawa wawili asiombe fedha, aombe nafasi: ruhusa ya siku za mtihani, na ikiwezekana asihamishwe hadi amalize. Kwa askari, muda una thamani kuliko ada, na mkuu aliye radhi kuutoa humwachia mtumishi wake uhuru wa kuchagua chuo.

Kukataa msaada si utovu wa nidhamu, maadam unakataa kwa barua ya heshima, yenye shukrani na sababu. Ukikubali, tunza nakala ya mkataba nyumbani pamoja na vyeti vya watoto, mahali ambapo mwenzako anaweza kuipata hata wewe ukiwa mbali. Mali bila daftari hupotea bila habari, na deni nalo ni hivyo hivyo.

Hadi juma lijalo, nawatakia masomo mema.