Pimeni na Kabati

Swali linasomwa hivi: katika wiki mbili zilizopita, umetumia dawa yoyote ya presha uliyoandikiwa na daktari au mhudumu mwingine wa afya? Majibu ni mawili, ndiyo au hapana. Nimelisoma swali hilo kwenye vibaraza vya Mofu mara nyingi hadi nikalijua kama Baba Yetu. Nilikuwa mdadisi wa muda, nina tableti, mashine ya presha na fulana yenye nembo ya mradi.

Bibi mmoja nilimkuta anapepeta mchele. Nikamwamkia, akaniitikia, "Marahaba, mjukuu wangu," akanipa kigoda. Nikampima mara tatu kama tulivyofundishwa. Mashine ikasoma 190 kwa 110, na marudio hayakuwa na nafuu. Nilipofika kwenye swali la dawa aliingia ndani, akatoka na daftari la shule lililofungwa ndani ya mfuko wa plastiki. Kurasa nne, miandiko minne, tarehe nne tofauti. Zote zilisema jambo moja: amlodipini, kidonge kimoja kila siku, siku 30.

"Kwa hiyo unatumia, bibi?"

"Nimeandikiwa. Sijapewa."

Kila alipokwenda aliambiwa dawa imeisha, akanunue mjini. Kwenda Ifakara ni nauli ya pikipiki, kurudi ni nauli nyingine, halafu ndiyo bei ya dawa. Akiuza debe la mpunga hununua vidonge kumi, akavimeza siku ambazo kichwa kinamgonga. Siku nilipofika hakuwa na kidonge tangu mwezi uliopita. Tableti yangu haikuwa na kisanduku cha maelezo hayo. Nikabonyeza hapana.

Katika ripoti, bibi huyu ni mgonjwa anayejua hali yake lakini hatumii dawa. Mwishoni itakuja ile sentensi ambayo sote tuliosoma tumewahi kuiandika: jamii ipewe elimu kuhusu umuhimu wa kuzingatia matibabu. Mimi nasema sentensi hiyo ni uongo, na ni uongo mbaya zaidi kwa sababu umejengwa juu ya namba za kweli. Bibi anajua umuhimu wa dawa. Ametunza maandishi ya daktari kwenye plastiki yasiloe.

Sisemi haya kwa kuchukia utafiti. Bonde la Kilombero linaujua utafiti kuliko sehemu nyingi za Afrika. Waswisi walijenga maabara Ifakara miaka ya 1950, na kutokana na maabara ile tukapata Taasisi ya Afya Ifakara ya leo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 chanjo ya malaria ya SPf66 ilijaribiwa kwa watoto wa Idete. Tangu 1996 kaya za bonde hili zinatembelewa, vizazi na vifo vinaandikwa, anayehama na anayehamia anahesabiwa. Na utafiti ulizaa matunda. Mradi wa vyandarua wa KINET ulipochapisha matokeo yake mwaka 2001, ulionyesha kwamba vyandarua vyenye dawa viliongeza uwezekano wa mtoto mdogo kuishi kwa asilimia 27. Lakini angalieni walichofanya: chandarua kilifikishwa kwanza kijijini kikauzwa kwa bei ya punguzo, ndipo watu wakaulizwa kama wamelalia chandarua. Swali lilikuja baada ya kitu chenyewe.

Kwenye presha tumefanya kinyume. Kitu hakipo, swali lipo, na linarudiwa kila baada ya miaka michache. Utafiti uliofanyika Ilala na Hai, ukachapishwa mwaka 2000, uligundua kwamba kati ya wenye presha ya juu, chini ya asilimia 20 walikuwa wanajijua, karibu asilimia 10 walikuwa kwenye matibabu, na waliodhibitiwa hawakufika asilimia moja. Utafiti wa kitaifa wa 2012 ukakuta takriban robo ya Watanzania wa miaka 25 hadi 64 wana presha ya juu. Mkono unapimwa, namba inashtua, warsha inafanyika, halafu mkono unapimwa tena.

Najua jibu la wakubwa wangu, maana niliwauliza. Waliniambia utafiti si huduma. Kazi yetu ni kupima. Sawa. Basi tupime sababu pia. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti uliokagua vituo 24 vya afya kaskazini-magharibi mwa nchi, kuona kama viko tayari kumhudumia mwenye presha au kisukari. Watafiti waliangalia dawa, vipimo na mafunzo ya wahudumu, na wakakuta zahanati na vituo vya afya viko nyuma sana ya hospitali. Kumbe kabati linapimika. Linahesabika kirahisi kuliko mkono wa bibi, kwa sababu halitikisiki.

Jibu la pili huwa ni hili: watu wa vijijini hawawezi kumeza dawa kila siku maisha yao yote. Wakijisikia nafuu wanaacha. Wanaosema hivi waende Ifakara penyewe. Katika Hospitali ya Rufaa ya Mtakatifu Fransisko ipo Kliniki ya Magonjwa Sugu, ambayo tangu katikati ya miaka ya 2000 inawahudumia watu wanaoishi na VVU. Wapo maelfu waliofuatiliwa na kuandikwa kwenye kundi la utafiti liitwalo KIULARCO. Wanatoka Kilombero na Ulanga. Barabara zao ni zile zile zinazokatika masika. Nao pia huhamia mashambani msimu wa mpunga, wakalala kwenye madungu wiki nyingi kulinda mazao. ARV ni za maisha, tena kila siku. Wapo wanaopotea, sikatai. Lakini aliyetengemaa hupewa dawa za miezi mitatu, wengine sita, bila kulipia, na anayo tarehe ya kurudi ambayo mtu fulani ana kazi ya kuikumbuka. Mwanakijiji huyo huyo ambaye kwa presha tunamwita mzembe, kwa VVU anaitwa mteja wa huduma. Tofauti ni kwamba mmoja amepangiwa dawa, mwingine amepangiwa semina.

Nilirudi kwa bibi mzunguko wa pili wa mradi. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka, mdomo umepinda kidogo, mkono wa kushoto umelala mapajani. Mjukuu wake ndiye aliyenijibia salamu. Mwongozo wetu unasema upime mkono wa kushoto, na kama haiwezekani, tumia wa kulia na uandike hivyo. Nikatumia wa kulia. Nikaandika hivyo. Kwa mradi, data zilikuwa safi.

Ninachodai ni kidogo na hakihitaji mashine mpya. Kila anayemuuliza mtu kama ametumia dawa, amuulize pia: siku uliyokwenda, dawa ilikuwepo? Ulilipa kiasi gani, pamoja na nauli? Umekaa siku ngapi bila kidonge? Kisha wiki hiyo hiyo aende kwenye kituo anachotumia mtu huyo, afungue kabati, ahesabu. Ripoti ichapishe namba zote kwenye jedwali moja, na ibandikwe kwenye ofisi ya kata kabla haijapelekwa kwenye jarida la nje.

Kamati za maadili nazo zidai kitu kimoja: mradi unaompima mtu ukamkuta na 190 useme mapema dawa yake itatoka wapi. Karatasi ya rufaa haitoshi. Bibi alikuwa nazo nne.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Watakuja wadadisi wengine, pengine mmojawapo ni wewe unayesoma hapa, kupima kama imefanya kazi. Ukifika Mofu, usianze na mkono. Omba kwanza kuona daftari, kisha nenda kaangalie kabati.