Picha za vita na kumbukumbu ya Songea: kamera ilikuwa mkononi mwa nani?



Kila tarehe 27 Februari watu hukusanyika Mahenge, mjini Songea, kwenye makumbusho ya Maji Maji, kuwakumbuka mashujaa zaidi ya 60 walionyongwa na Wajerumani siku hiyo mwaka 1906. Nduna Songea Mbano, ambaye mji umechukua jina lake, alinyongwa siku chache baadaye. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapo, akakutana na kizazi chao na akaomba msamaha.

Maji Maji inapotajwa, picha inayowekwa mara nyingi ni ya mateka waliofungwa minyororo shingoni. Wengi wetu tumekua tukiiona vitabuni. Lakini tujiulize: aliyeipiga ni nani? Kamera ilikuwa mikononi mwa mshindi. Kwake yeye, wale walikuwa waasi waliotiwa adabu. Kwetu sisi ni mababu waliodhulumiwa. Picha ni moja, lakini maana yake inamfuata anayeisimulia.

Na lipo jambo kubwa zaidi ambalo picha hizo hazikuonesha. Wengi waliokufa katika vita vile hawakufa kwa kamba wala kwa risasi. Walikufa kwa njaa, baada ya jeshi kuchoma vijiji, mashamba na maghala ya nafaka. Makadirio ya waliokufa yanaanzia 75,000 na kufika 300,000. Mama aliyezika watoto wake kwa njaa hakupigwa picha. Ndiyo maana kamba tunaikumbuka, na njaa tumeisahau.

Sisi wa Visiwani jambo hili linatugusa. Januari 1964 Waitaliano walichukua picha kutoka angani juu ya Unguja, wakazitia katika filamu yao Africa Addio ya mwaka 1966. Leo zinapita simu kwa simu. Filamu hiyo ililaumiwa sana kwa kuwadharau Waafrika. Haikutengenezwa kwa kututetea. Lakini wale maiti ni watu, wana majina na warithi, na pengine mjukuu wao ndiye anayeipokea picha hiyo usiku akiwa peke yake.

Hatusemi ushahidi ufichwe. Dhulma isiyoshuhudiwa hukanushwa. Tunachonasihi ni mambo matatu.

Kwanza, tuhakikishe, kama tulivyoamrishwa katika Suratul Hujurat, aya ya 6. Picha ya Syria ikitumwa kuwa ni ya Gaza, anayefaidika ni dhalimu, kwa sababu uongo mmoja humpa njia ya kukanusha ukweli wote.

Pili, tumsitiri maiti. Heshima yake haiondoki kwa kufa. Kama habari inatosha bila ya kuonesha mwili wake, basi tusiuoneshe, na hasa mbele ya watoto.

Tatu, tuwaulize wazee wetu wangali hai, tuandike majina, mahali na siku. Kizazi cha Songea kingali kinadai kichwa cha Nduna, kinachoaminika kupelekwa Ujerumani. Dai hilo halikuhifadhiwa na picha ya mkoloni, limehifadhiwa na ndimi za watu wake.

Allah awarehemu waliodhulumiwa na atujaalie tuwe mashahidi wa haki. Amin.