KADI YA BIMA ITAPOKEWA WAPI?

Hapa Majengo, na Songea nzima kwa jumla, yako mabishano ambayo hatuwezi kuyanyamazia. Matibabu yawe kazi ya Serikali, ama yaachwe mikononi mwa wenye hospitali zao? Tangu Bunge lilipopitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwezi Novemba 2023, kila kibaraza kimepata mwanasheria wake. Yuko ndugu asemaye Serikali ichukue kila zahanati na kila kliniki. Yuko mwingine asemaye Serikali haijui hata kuuza panadoli, heri kazi yote wapewe wafanya biashara. Sisi twasema ndugu hao wote wawili wamesahau historia yetu wenyewe.

Nchi yetu ilipopata Uhuru mwaka 1961 madaktari wazalendo walikuwa 12 tu. Mkulima wa Mbinga au Namtumbo alitegemea misheni, au mganga wa kienyeji, au rehema ya Mungu. Uhuru ukaleta zahanati vijijini, na mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ikawakusanya wananchi wapatao milioni mbili mbele ya redio, wakachimba vyoo na kufyeka mazalia ya mbu. Mwaka 1977 ikatungwa sheria ya kuzuia kutibu watu kwa ajili ya faida. Shabaha yake ilikuwa njema, kwamba ugonjwa wa kabwela usiwe mtaji wa mtu. Lakini angalieni sana: sheria hiyo haikuzifunga hospitali za madhehebu. Peramiho, kilometa kama 24 kutoka hapa mjini, wagonjwa waliendelea kupokelewa. Kwa hiyo sisi watu wa Songea tumezoea tangu zamani kutibiwa na asiye Serikali, wala hatukumwona adui.

Kisha ikaja miaka ya 1980 na uhaba wake, maduka bila sabuni na zahanati bila dawa. Mwaka 1991 madaktari wa binafsi wakaruhusiwa tena. Kuanzia mwaka 1993 wananchi wakaanza kuchangia gharama katika hospitali za Serikali.

Basi tumejaribu njia zote mbili. Kupiga marufuku hakukuleta dawa. Kuruhusu nako hakukumletea dawa mtu asiye na senti. Hospitali za faida zilisimama palipo na fedha, yaani Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na miji mingine. Ni nani amemwona tajiri akikimbilia kijiji cha ndani Tunduru kujenga wodi ya wazazi apate faida? Hatumlaumu, maana hiyo ndiyo kazi aliyoichagua. Tunalokataa ni kuambiwa kwamba yeye atashika nafasi ya Serikali.

Wala hatusemi kwa kubuni. Tarehe 1 Machi 2024 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulianza kutumia bei mpya za kuwalipa watoa huduma. Wenye hospitali za binafsi wakasema bei hizo zitawafilisi. Hospitali kadhaa, zikiwemo kubwa za Dar es Salaam, zikaacha kuwapokea wanachama wa Mfuko. Mtu aliyekatwa mshahara wake kila mwezi akaambiwa dirishani kwamba kadi yake haitumiki, alipe taslimu. Baada ya siku chache za mazungumzo huduma zikarejea. Yawezekana wenye hospitali walikuwa na hoja katika hesabu zao, hilo hatuligombanii. Lakini siku hizo wanachama walielekezwa wapi? Kwenye hospitali za Serikali, na nyinginezo zilizokubali kuendelea. Nyumba ya kukimbilia ilikuwapo. Isingalikuwapo, mgonjwa angalikwenda wapi na kadi yake?

Hiyo ndiyo sababu twasema hospitali ya binafsi na ibaki, ya misheni isaidiwe, bali ya Serikali iwe imara kwanza. Bima ni njia ya kulipia tu. Haizalishi dawa, haiajiri mkunga, haiendeshi gari la wagonjwa kutoka Nyasa usiku wa mvua.

Tuje sasa kwenye mfuko wa mkulima. Mwaka 2018 Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa ulianza kutoza shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka. Fedha hizo si nyingi mwezi wa Agosti, mahindi yakiwa yameuzwa. Mwezi Februari ni nyingi mno: ghala tupu, mbolea imekwisha kununuliwa, na malaria ndiyo imepamba moto. Mtumishi wa Serikali hukatwa asilimia 3 ya mshahara na mwajiri humwongezea asilimia 3, hana haja ya kukumbuka tarehe. Mkulima hana mwajiri. Michango yake ikusanywe wakati wa mauzo ya mahindi, kahawa na korosho, asisubiriwe akiwa mahututi.

Na akishalipa, asiambiwe dawa hakuna, nenda duka la nje. Malalamiko haya yamesikika mikoa mingi, nayo yanaua bima kuliko propaganda yoyote. Mtu aliyelipa mara mbili mwaka huu, mwakani hatalipa hata mara moja.

Liko pia suala la wasio na uwezo. Sheria imesema watalipiwa, na miongoni mwa vyanzo vilivyotajwa ni kodi za pombe, vipodozi na michezo ya kubahatisha. Vyema. Lakini nani ataandika majina? Orodha ikiandikwa ofisini, tutamkuta humo shemeji wa mkubwa na bibi kizee wa mtaani hayumo. Majina yasomwe mbele ya mkutano wa hadhara wa mtaa au kijiji, na mwenye neno aseme papo hapo.

Tunawaomba mabalozi wa nyumba kumi waanze sasa kuwatambua wazee, wajane na walemavu wa maeneo yao. Na diwani atakapoitisha mkutano, wanachama wamtake aje na mambo mawili: hesabu ya dawa zilizoingia zahanati ya kata kwa miezi mitatu iliyopita, na idadi ya siku ambazo kabati la dawa lilikuwa tupu.