Transpoti si mshahara

Siku ya kwanza kazini shefu alinionyesha meza, kiti na kompyuta, kisha akaniambia: "Hapa sisi ni familia." Nilifurahi. Nilikuwa nimemaliza lisansi miezi 8 kabla, na katika promosheni yetu walikuwa wachache waliopata kazi isiyo ya kufundisha. Nilipouliza habari ya mshahara, akasema tuanze kwanza na staji ya miezi 3, halafu tutaona. Kwa sasa angenipa transpoti, dola 80 kwa mwezi. Miezi 3 imekwisha, mwezi wa 6 umeanza, na ninachopewa bado kinaitwa transpoti.

Siandiki haya ili mnionee huruma. Naandika kwa sababu wengi wetu tutapita mlango huo huo, na kwa sababu nadhani sisi watu wa lugha tulipaswa kuuona mtego huu mapema kuliko wengine. Mtego wenyewe umefichwa ndani ya maneno.

Nilichukuliwa kwa kutengeneza tovuti. Ufundi huo nilijifunza kwa yaya yangu tangu mwaka wa pili, nikaanza na ukurasa wa kwaya ya parokia yetu. Lakini kazi niliyoikuta si ile niliyoelezwa. Chukua siku moja tu, Jumanne iliyopita. Asubuhi nilikuwa na tovuti ya duka la dawa: picha 40 zilizopigwa kwa simu, kila moja nzito kiasi kwamba ukurasa usingefunguka kwa mtu mwenye mega kidogo, nami nikazipunguza moja baada ya nyingine. Saa sita mchana ilikuwa zamu ya kujibu ujumbe wa wateja wa hoteli kwenye Facebook, eti kwa sababu mimi ndiye mwenye Kifaransa kizuri. Baadaye printa ilikwama, nikaitwa. Saa kumi na moja umeme ukakatika na jenereta haikuwa na mafuta. Shefu akasema: "Mama, utamalizia nyumbani." Nyumbani nilitumia simu yangu na mega zangu mpaka saa nne usiku.

Nimepiga hesabu. Naingia 7:30 na kutoka 18:00, nikitoa nusu saa ya kula zinabaki saa 10, siku 6 kwa wiki. Ni saa 60, bila kuhesabu zile za nyumbani. Kwa mwezi ni kama saa 260. Gawa dola 80 kwa 260, utapata senti 31 kwa saa. Na hizo dola 80, taksi-basi mbili za kwenda na mbili za kurudi zinakula karibu nusu yake, mega zinakula 15. Masta niliyojiandikisha nimeikosa karibu yote, maana masomo ni asubuhi, na ada yake sijui nitaitoa wapi.

Kilichonichoma zaidi, hata hivyo, si saa. Ni tafsiri.

Watu hudhani kutafsiri tovuti ni kubandika Kifaransa kwenye mashine na kunakili jibu. Nilijaribu. Palipoandikwa "Soumettre" mashine ilitoa "Wasilisha", na "Cliquez ici" ikawa "Bofya hapa". Ni Kiswahili safi, nasi fakulte tumekisoma. Lakini tovuti ilikuwa ya watu wa usafirishaji wanaopitisha mizigo Kasumbalesa, na msomaji wao ni mama anayeleta unga wa mahindi kutoka Zambia. Huyo hajabofya kitu maishani mwake. Nikaandika "Tuma" na "Finya hapa". "Demander un devis" ilinichukua nusu saa. "Omba makadirio ya gharama" haikuenea kwenye kitufe, na sokoni hakuna anayesema hivyo. Mwishowe nikaandika "Uliza bei". Ni maneno 2 tu, na ukiyaona utasema yeyote angeyapata. Basi jaribu.

Nilipomwuliza shefu kama tafsiri ile italipwa kando, alicheka, bila ubaya. "Mama, Kiswahili si unakiongea nyumbani? Hiyo nayo ni kazi?" Sikujibu. Wiki moja baadaye akaniita nisahihishe Kifaransa cha fakture kabla haijaenda kwa mteja. Nikasahihisha makosa 2, halafu nikasoma tarakimu. Tovuti: dola 900. Tafsiri ya Kiingereza na Kiswahili: dola 300. Nikamrudishia karatasi yake. Akanishukuru, akasema nina jicho.

Kumbe ilikuwa kazi. Ilikuwa kazi alipoiuza, ikawa maongezi ya nyumbani alipotakiwa kuilipa. Katiba ya 2006 inakitaja Kiswahili kati ya lugha 4 za taifa, na kila mwaka tunalikumbusha jambo hilo katika hotuba zetu. Ila bei yake nimeiona kwa mara ya kwanza kwenye fakture ya mtu mwingine.

Tuyatazame basi yale maneno 3 niliyopewa siku ya kwanza. "Familia" ni neno la kukuzuia usihesabu, kwa kuwa mtoto mwenye adabu hamdai baba yake saa za ziada. "Staji" maana yake ni kujifunza chini ya mtu anayejua. Katika ofisi ile hakuna aliyenifundisha kitu. Mwezi wa 4 alikuja kijana mwingine, naye akaitwa stajeri, nikaambiwa nimwonyeshe kazi. Stajeri anafundisha stajeri, na wateja wanalipa bei ya fundi.

"Transpoti" ndilo baya kuliko yote. Hapa Katanga wazee wetu wa migodini walikuwa na neno posho. Ulikuwa ni mgao wa chakula, unga kwanza, uliotolewa na kampuni, na ukiwauliza leo watakueleza namna mama zetu walivyokwenda kuupokea. Sisemi yale yalikuwa maisha mema. Kampuni ililisha watu ili wachimbe. Lakini posho ilikuwa juu ya mshahara. Mtu alipokea posho na mshahara pia. Sisi wenye diploma tumekubali posho iliyobadilishwa jina ikae mahali pa mshahara wenyewe.

Sheria haikunyamaza. Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inaweka mpaka wa saa 9 kwa siku na 45 kwa wiki, na zinazozidi zina nyongeza yake. Inakubali muda wa kujaribiwa, tena hadi miezi 6 kwa mwenye ujuzi, lakini inataka muda huo uandikwe. Na pale ambapo hakuna karatasi, mkataba unachukuliwa kuwa hauna mwisho, mpaka upande wa pili uthibitishe vinginevyo. Yaani lile neno la mdomo "tutaona" halimlindi patroni kama anavyofikiri. Niliyasoma hayo peke yangu, usiku, kwenye simu. Katika miaka yangu yote ya lisansi tulichambua mofolojia ya kitenzi mpaka tukaiota, ila hakuna aliyetuwekea mbele kontra moja ya kazi tuisome mstari kwa mstari. Je, hiyo nayo si matini?

Lazima niseme haki kwa upande wa shefu. Si mtu mkali. Wateja wanamlipa nusu, ile nusu nyingine inakuja baada ya miezi, na wengine wanapotea kabisa. Mafuta ya jenereta ananunua yeye, pango la nyumba analipa yeye, na maofisa wa kodi wa kila aina wanagonga mlango wake. Nimemwona akikopa ili atupe zile dola 80. Naamini shida yake. Lakini mwenye nyumba anayempangisha hajakubali kuitwa familia, wala muuza mafuta hajakubali kungoja miezi 3 aone. Tunaongoja ni sisi.

Nasi tuna lawama. Katika promosheni yetu kuna kikundi cha WhatsApp chenye watu zaidi ya 50, tunatumiana picha za kolasio na matangazo ya misiba, lakini hakuna aliyewahi kuandika analipwa ngapi. Tunaona haya. Nilipomwuliza rafiki yangu mmoja kando, akaniambia 60. Mwingine 100, naye huyo anafungua ofisi na kuipiga deki pia. Kama ningejua tarakimu hizo kabla, ningeongea tofauti siku ile ya kwanza, au walau nisingefurahi haraka hivyo.

Kwa hiyo naiomba idara yetu jambo moja. Inapotoa barua ya staji, iambatanishe karatasi ya pili ambayo ofisi inayopokea lazima iijaze: kazi zipi, saa ngapi, kwa muda gani, shilingi au franka au dola ngapi, na kama kuna kutafsiri, kuandike kutafsiri kwenye mstari wake. Kuna ofisi zitakazokataa. Nadhani ni vizuri kuzijua. Na kwa wenzangu: msikubali "tutaona" bila tarehe, na andikeni tarakimu zenu kwenye kikundi. Mimi nimekwisha andika yangu hapa.

Mwishoni mwa mwezi uliopita nilimwomba shefu kontra. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema: "Andika wewe basi, si wewe ndiye mtu wa lugha?" Sijui kama alikuwa anatania. Nimeandika. Ni kurasa 2, Kifaransa upande mmoja na Kiswahili upande wa pili, saa 45, tafsiri kando, dola 250. Nimeziweka mezani kwake Alhamisi, juu ya fakture za wiki. Ijumaa zilikuwa bado pale pale, lakini zimegeuzwa upande wa Kiswahili. Jumatatu nitamwuliza.