Upimaji wa mkono wa mrushaji katika kriketi

Upimaji wa mkono wa mrushaji ni uchanganuzi wa mwendo unaofanywa maabarani ili kujua kama mchezaji wa kriketi ananyoosha kiwiko chake kupita kiasi kinachoruhusiwa anaporusha mpira. Kiasi hicho ni nyuzi 15, nacho ni kimoja kwa warushaji wote, wale wa kasi na wale wanaouzungusha mpira. Anayezidi hapo husimamishwa kurusha katika mechi za kimataifa mpaka arekebishe mkono wake na kupimwa upya. Anaweza kuendelea kucheza kama mpigaji, lakini kwa mtu aliyeajiriwa kwa ajili ya mkono wake hiyo ni faraja ndogo.

Kurusha na kutupa

Katika kriketi mpira haurushwi kama mtoto anavyolirushia embe jiwe. Mkono huzunguka juu ya bega, na tangu unapofika usawa wa bega mpaka mpira unapotoka kiganjani, kiwiko hakitakiwi kunyooka. Akikinyoosha, mrushaji huongeza kasi au mzunguko ambao mwenzake anayefuata sheria hawezi kuupata, na hapo inasemekana ametupa. Watazamaji wengi hukosea hapa: mkono uliopinda si kosa. Mtu anaweza kurusha na kiwiko kilichopinda tangu mwanzo hadi mwisho bila kuvunja sheria yoyote. Kinachokatazwa ni kukinyoosha.

Kwa zaidi ya miaka 100 hukumu hiyo ilitolewa na mwamuzi kwa macho yake, ingawa zana za kuugawa mwendo vipande vipande zilikuwepo. Mwaka 1878 huko California, Eadweard Muybridge alipiga picha mfululizo za farasi anayekimbia kwa kutumia kamera zilizopangwa mstari, na miaka michache baadaye Étienne-Jules Marey wa Ufaransa akabuni kamera iliyonasa hatua nyingi za mwendo mmoja. Kriketi ilichelewa sana kuzitumia mbinu hizo kutoa hukumu.

Kisa cha Muralitharan

Aliyeulazimisha mchezo huu kwenda maabarani ni Muttiah Muralitharan wa Sri Lanka. Tarehe 26 Desemba 1995, katika uwanja wa Melbourne mbele ya umati mkubwa, mwamuzi Darrell Hair alitangaza mara 7 kwamba mipira yake ni batili kwa sababu anatupa. Mwaka uliofuata alipimwa katika Chuo Kikuu cha Australia Magharibi mjini Perth. Ilibainika kwamba kiwiko chake kina kilema cha kuzaliwa nacho, hakinyooki kikamilifu, na kwamba kilichoonekana kama kutupa kilikuwa kiini macho.

Kiini macho hicho kinaeleweka kwa jiometri ya kawaida. Mkono uliopinda unapozunguka mbele ya kamera moja, pembe ya kiwiko huonekana kwanza kutoka ubavuni, kisha kutoka mbele. Pembe ni ileile, ila kwenye picha bapa inaonekana kufunguka. Mwaka 2004 Muralitharan alirusha mbele ya kamera za televisheni akiwa amefungwa kifaa cha chuma kisichoruhusu kiwiko kunyooka, na bado ilionekana kama anatupa.

Mwaka huohuo lilizuka jambo jingine. Mpira wake uitwao doosra, unaozunguka kinyume na matarajio ya mpigaji, ulipimwa Perth na kukutwa na takriban nyuzi 14. Wakati huo wanaouzungusha mpira waliruhusiwa nyuzi 5 tu, wa kasi ya wastani 7.5 na wa kasi kubwa 10. Alitakiwa kuuacha. Lakini wataalamu walipowachunguza warushaji wengine, waligundua kwamba karibu wote hunyoosha kiwiko kwa kiasi fulani, hata waliosifiwa kwa mkono safi. Sheria ilikuwa inavunjwa na karibu kila mtu bila mtu kuona. Baraza la Kimataifa la Kriketi (ICC) liliunda jopo lililomjumuisha Michael Holding, mrushaji maarufu wa zamani wa West Indies, na kuanzia Machi 2005 kikomo kikawa nyuzi 15 kwa wote. Muralitharan alistaafu mechi za siku tano mwaka 2010 akiwa na wiketi 800, rekodi ambayo haijafikiwa na mwingine.

Wapo walionung'unika kwamba sheria ilipindishwa kumfuata mtu mmoja. Lawama hiyo haina uzito, kwa kuwa kikomo cha zamani kingewaondoa uwanjani pia wengi wa waliolalamika.

Namna ya kupima

Mrushaji hubandikwa vitufe vinavyoakisi mwanga kwenye bega, mkono, kiwiko na kifundo. Kamera nyingi zilizomzunguka hunasa nafasi ya kila kitufe mara mamia kwa sekunde, na kompyuta huunganisha picha hizo kupata pembe halisi ya kiwiko katika pande zote tatu. Picha za mechi aliyolalamikiwa hulinganishwa na za maabarani, kwa sababu mtu anayejua anapimwa anaweza kurusha kwa upole kuliko kawaida yake.

Namba inayotoka ina ukali wa kisheria kuliko uhakika wake wa kisayansi. Vitufe vimekaa juu ya ngozi, na ngozi husogea juu ya mfupa. Ukihamisha kitufe kidogo, jibu linaweza kubadilika. Mwaka 2014 chuo cha Perth, kilichofanya kazi hii tangu miaka ya 1990, kiliachana na ICC, na wataalamu wake wakaitilia shaka hadharani mbinu iliyotumika katika maabara mpya. Katika mwaka huohuo Saeed Ajmal wa Pakistan, aliyekuwa wa kwanza duniani katika orodha ya warushaji wa mechi za siku moja, alisimamishwa baada ya kupimwa Brisbane. Aliruhusiwa tena Februari 2015 akiwa na mkono mpya, lakini makali hayakurudi.

Kesi ya Shakib Al Hasan wa Bangladesh ni ya karibuni zaidi. Alianza kucheza kimataifa mwaka 2006. Septemba 2024, akiwa na umri wa miaka 37, aliichezea Surrey mechi moja nchini Uingereza, akachukua wiketi 9, na waamuzi wakaripoti mkono wake. Alishindwa kipimo cha Loughborough, akasimamishwa Desemba, akashindwa tena Chennai, na hakuitwa kwenye Kombe la Mabingwa la Februari 2025. Alifaulu katika kipimo cha tatu Machi 2025, huko huko Loughborough.

Afrika Mashariki

Kenya ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2003, na Uganda ilishiriki Kombe la Dunia la T20 mwaka 2024. Mrushaji wa Nairobi au Kampala anaposhukiwa, maabara iliyo karibu miongoni mwa zilizoidhinishwa na ICC ni ya Pretoria, Afrika Kusini. Shakib alipimwa mara tatu katika mabara mawili ndani ya miezi michache, jambo ambalo chama chenye mfuko mdogo hakiwezi kulibeba kwa urahisi.

Makocha wengi hutumia simu zinazorekodi mwendo wa polepole. Simu husaidia kuona hatua za mbio, kutua kwa mguu na mwelekeo wa bega. Kwa kiwiko inadanganya, kwa sababu ileile iliyowadanganya watu juu ya Muralitharan: ina jicho moja. Simu mbili zilizowekwa pembeni na mbele, zikianza kurekodi pamoja, hupunguza kosa, lakini hazitoi jibu linalokubaliwa na ICC.